Udongo Kwanza, Ndipo Miti: Somo Juu ya Mashimo ya Changarawe



Katika mitaa yetu mingi liko shimo ambalo kila mtu analijua, wala hakuna asemaye kuwa ni lake. Barabara ilipojengwa, katapila lilikuja likakwangua majani na udongo, changarawe ikachimbwa, malori yakabeba. Barabara ilipokwisha, mitambo ikaondoka na shimo likabaki. Wakati wa masika hujaa maji, watoto huenda kuogelea, na pako mahali ambapo wazazi wamezika mtoto kwa sababu hiyo. Wakati wa kiangazi huwa jangwa dogo katikati ya mashamba. Kila mwaka kingo zake huanguka kidogo, na shamba la jirani hupungua hatua moja au mbili.

Mara kwa mara twajaribu kulitengeneza. Vijana huitwa, miche huletwa kwa gari, mgeni wa heshima hupanda mti wa kwanza, picha hupigwa. Baada ya miezi mitatu miche yote imekauka, na watu husema, "Pale hapaoti kitu." Shabaha ya somo la mwezi huu ni kuonyesha kwa nini miche ile ilikufa, na kwamba mahali pale panaweza kuota tena, ikiwa tutaanza kazi mahali inapopasa kuanzia.

1. SHIMO LIMEPUNGUKIWA NA NINI?

Mtu akitazama shimo la changarawe huona kwamba miti haipo. Lakini kilichokosekana kwanza si miti. Ni ule udongo mweusi wa juu, ambao mahali pengi unene wake hauzidi shubiri moja. Katika shubiri hiyo ndimo mnamokaa mboji, mbegu za majani, mizizi midogo, nyungunyungu, mchwa, na vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huozesha majani makavu na kuyarudisha kuwa chakula cha mimea.

Katapila likiisha kupita, vyote hivyo vimekwenda. Kilichobaki ni mwamba, kokoto, au udongo mwekundu ulioshindiliwa na magurudumu ya malori hata ukawa mgumu kama sakafu. Mvua haipenyi, hukimbia juu yake na kuchimba makorongo. Jua hulichoma shimo kutwa, kwa maana hakuna kivuli. Mche ukipandwa hapo ndani ya tundu dogo, mizizi yake hugonga ukuta, haipati maji wala chakula. Hata aliyeupanda angekuwa mkulima hodari namna gani, ungekufa tu.

Wako wasemao, "Tuiache ardhi ipumzike, itapona yenyewe." Ni kweli kwamba shamba lililochoka hupona likipumzishwa, kwa sababu udongo wake bado upo pamoja na viumbe vyake. Lakini ardhi iliyonyang'anywa udongo haina kitu cha kupumzisha. Ikiachwa, huendelea kuliwa na maji, na hata pale inapopona yenyewe huchukua muda mrefu kuliko umri wa mtu. Basi hapana budi isaidiwe kuanza.

2. MFANO WA BAMBURI

Hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Kaskazini ya mji wa Mombasa, karibu na bahari, kiko kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1954. Mawe yake yalichimbwa papo hapo, mawe ya matumbawe ya zamani, ambayo hapo kale yalikuwa chini ya bahari. Yalichimbwa mpaka karibu na maji ya chini ya ardhi, tena maji yenyewe ni ya chumvichumvi. Kufika mwaka 1970 kiwanda kilikuwa kimeacha nyuma yake uwanja mkubwa wa mwamba mweupe, wenye joto kali, usio na udongo wala kivuli. Kama kuna mahali ambapo mtu angeweza kusema kwa haki kwamba hapaoti kitu, ni pale.

Kazi ya kupaponya alipewa René Haller, Mswisi aliyesomea kilimo cha nchi za joto. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alipanda aina 26 za miti ili aone ni ipi itakayostahimili. Aina 23 zilimshinda. Zilizobaki ni tatu: mnazi, mti mmoja wa asili ya nchi za Somalia uitwao damas, na mvinje.

Watu wa pwani wanaujua mvinje. Ni ule mti mrefu wa ufukweni, wenye majani membamba kama sindano, ambao upepo ukivuma hutoa sauti kama ya mawimbi. Fito na nguzo zake hujenga nyumba zetu. Ulishinda pale Bamburi kwa sababu mbili. Kwanza, hauogopi chumvi. Pili, katika mizizi yake hukaa vijidudu vinavyochukua naitrojeni katika hewa na kuufanya chakula cha mti. Kwa hiyo mvinje waweza kuishi mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Lakini vijidudu hivyo havitoki katika mwamba mtupu. Ndiyo sababu wapandao mivinje mahali papya huchukua udongo kidogo chini ya mivinje mikongwe na kuutia katika kitalu, ili miche iende shambani pamoja na wasaidizi wake.

3. KIUMBE MDOGO ALIYEFANYA KAZI KUBWA

Mivinje ikamea, ikawa mirefu, ikaleta kivuli. Mtu angeweza kudhani kazi imekwisha. Lakini hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo ni kiini cha somo hili.

Majani ya mvinje yalianguka yakafunika mwamba, lakini hayakuoza. Yalikaa tu, makavu, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu katika mwamba ule hapakuwa na viumbe wa kuyaozesha, na majani yenyewe ni magumu na makali. Palikuwa na miti, palikuwa na majani, lakini hapakuwa na udongo.

Aliyefungua njia alikuwa jongoo. Ndiyo, jongoo huyu huyu mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye watoto humgusa kwa kijiti ili ajikunje, na watu wazima humruka njiani wakienda zao. Iligunduliwa kwamba yeye hula majani makavu ya mvinje. Majongoo wakakusanywa kwa wingi wakatiwa katika msitu ule mchanga. Wakala majani, na mavi yao yakawa chakula cha vijidudu vingine, navyo vikayageuza kuwa mboji. Mwaka baada ya mwaka mboji ikaongezeka juu ya mwamba. Ndipo ikawezekana kupanda miti mingine ya asili ambayo hapo kwanza isingeweza kuishi hata mwezi mmoja.

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Yalichimbwa mabwawa, wakafugwa samaki. Ndege wakaja na mbegu katika matumbo yao. Wakaletwa wanyama. Mwaka 1984 mahali pale palifunguliwa kwa watu kutembelea, na baadaye pakaitwa Haller Park. Mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtia Bwana Haller katika orodha yake ya heshima iitwayo Global 500. Wengi wetu tulisikia habari za kiboko mdogo aliyepotewa na mama yake karibu na Malindi wakati wa mawimbi ya tsunami, Desemba 2004, akaokolewa na kufanya urafiki na kobe mzee. Urafiki ule ulikuwa katika machimbo hayo hayo, chini ya miti iliyoota juu ya mwamba mtupu.

Tuone basi utaratibu wa mambo. Wanyama walikuja baada ya miti mingi. Miti mingi ilikuja baada ya udongo. Udongo ulikuja baada ya majani makavu na jongoo. Na hao walikuja baada ya mti mmoja mvumilivu. Mgeni wa heshima akipanda mche wa mwembe katika shimo la changarawe, anataka kuanza na cha mwisho. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika kazi hii kuinama ni kuangalia udongo.

4. UTARATIBU WA KAZI KATIKA SHIMO LETU

Hatuna fedha za kiwanda cha saruji. Lakini shimo letu nalo si kubwa kama lile, na pengi chini yake pana udongo mwekundu, si mwamba mtupu. Kikundi cha watu ishirini wenye majembe, masururu na subira waweza kufanya yafuatayo.

(a) Usalama. Kabla ya yote, punguzeni mwinamo wa kingo. Ukuta uliosimama wima utaanguka, na waweza kumfunika mtu. Ukateni kutoka juu kwenda chini, pole pole, mpaka uwe mteremko ambao kila ukienda mita tatu mbele, unashuka mita moja tu. Asiwepo mtu chini wakati wengine wanachimba juu. Yasiyo na njia ya kutoka, maji yaliyotuama, yafungulieni mfereji, au zungushieni ua wa miiba, kwa ajili ya watoto na mbu.

(b) Kuyazuia maji. Watu wengi hustaajabu wakihesabu maji ya mvua. Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja. Basi shimo lenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 50, likinyeshewa milimita 20 siku moja, hupokea lita 100,000. Hayo ni mapipa 500 ya lita 200. Yakikimbia, yatachukua udongo uliobaki. Yakizuiwa, yatanywesha miti. Chimbeni makinga maji yanayofuata usawa wa mteremko, mkipima kwa fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A na uzi wenye jiwe. Ndugu zetu wa Ukambani wamefanya kazi ya namna hii kwa miaka mingi kwa matuta ya fanya juu, nao wameokoa mashamba yao. Katika korongo pangeni mawe kama ngazi, moja baada ya jingine, mkianzia juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

(c) Kuivunja sakafu. Udongo ulioshindiliwa uvunjwe kwa sururu au mtaimbo, angalau pale mtakapopanda. Kila shimo la mche liwe na urefu, upana na kina cha sentimita 60. Ni kazi ngumu, lakini mashimo hamsini yaliyochimbwa hivyo yafaa kuliko miche mia tano iliyochomekwa katika vijitundu. Upande wa chini wa kila shimo wekeni kinga la nusu mwezi ili maji yakusanyike penye mche.

(d) Kuuleta udongo. Mara nyingi udongo mweusi ulisukumwa pembeni na katapila, na bado uko kwenye kingo kama kilima kilichoota magugu. Huo ni hazina. Urudisheni chini, hata kama utatosha mashimo tu. Usipokuwapo, jazeni mashimo samadi, majivu kidogo, mabua, makapi ya kahawa au maganda ya karanga, chochote kile kinachooza. Na ombeni karai chache za udongo kutoka chini ya miti mikubwa. Karai hizo hazitajaza shimo, lakini zina vile vijidudu vinavyokosekana. Zitachachua udongo wote kama hamira inavyochachua unga.

(e) Mimea ya kutangulia. Mwaka wa kwanza na wa pili msipande miti ya matunda. Pandeni ukoka na vetiva kwenye kingo, maana mizizi yao hushika udongo. Katikati pandeni jamii ya kunde: mbaazi, marejea, fiwi. Hizi, kama mvinje, zina wasaidizi mizizini wa kuchukua naitrojeni katika hewa. Zikikomaa zikateni, muyaache majani yake juu ya ardhi; msiyachome. Moto wa siku moja huharibu mboji ya miaka miwili. Pwani mvinje wafaa. Bara, penye ukame, migunga ya kwenu ndiyo inayoijua nchi. Ulizeni wazee ni miti gani huota yenyewe kwenye kingo za barabara na makorongo. Hiyo ndiyo iliyokwisha kufaulu mtihani.

(f) Miti ya kufuata. Mtakapofukua kwa mkono chini ya majani na kukuta unyevu, nyungunyungu na majongoo, jueni udongo umeanza. Hapo ndipo pandeni miti mingine, ya kivuli, ya mbao na ya matunda. Yaweza kuwa mwaka wa tatu, yaweza kuwa wa sita. Nchi yenyewe itawaambia.

5. MAONYO MAWILI

La kwanza ni mbuzi. Mbuzi kumi wanaweza kuharibu kwa asubuhi moja kazi ya msimu mzima. Mwenye mbuzi si adui wa kazi hii. Mara nyingi ni mama mjane asiye na malisho mengine. Basi msimfukuze tu. Kubalianeni naye tangu mwanzo kwamba majani ya kukata yatakuwa yake, naye awe mlinzi. Shimo lisilo na mtu anayefaidika nalo halitalindwa na mtu.

La pili ni mti unaofaulu kupita kiasi. Mwaka 1973, katika kazi ile ile ya kuponya machimbo ya Mombasa, ulijaribiwa mti wa kutoka Marekani ya Kusini ambao Wakenya wengi sasa wanauita mathenge. Katika miaka ya themanini ulipandwa Baringo na sehemu nyingine kavu kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kupata kuni. Haukai ulipopandwa. Ulienea ukafunga malisho na njia za maji, na mbuzi waliokula maganda yake matamu mno wakaharibika meno. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo walilipeleka jambo hilo mahakamani, na mbuzi asiye na meno akaletwa kuwa ushahidi. Basi mtu akiwaletea mche na kusema kwamba huu huota popote, muulizeni kwanza kama unajua kukoma.

6. KABLA YA SHIMO KUCHIMBWA

Kuponya ni kazi ya miaka. Kuzuia ni kazi ya siku moja ya kusoma mkataba. Mjenzi wa barabara akija kuomba changarawe katika shamba la mtu au kiwanja cha kanisa, yafaa mambo manne yaandikwe kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi: kwamba udongo wa juu utakwanguliwa kwanza na kurundikwa mbali, marundo yasizidi mita mbili kwenda juu ili usife kwa kukosa hewa, kwamba kingo zitalazwa, kwamba udongo utarudishwa na sakafu kuvunjwa kwa mtambo kabla ya mtambo kuondoka, na kwamba sehemu ya malipo itazuiwa mpaka hayo yatimizwe. Katapila lafanya kwa saa moja kazi ambayo kikundi chetu kitaifanya kwa mwezi, nalo lipo pale pale.

Sheria nazo ziko upande wetu. Kwa mfano, huko Kenya Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yamtaka mwenye leseni ya kuchimba aweke dhamana kwa ajili ya kurudisha mazingira. Lakini sheria haitembei yenyewe. Mzee wa kanisa au mwenye shamba anayetia sahihi bila kusoma, kwa sababu ya fedha ya changarawe ya mwezi mmoja, amewaachia wajukuu shimo.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

(Yafaa kwa vikundi vya nyumba kwa nyumba, akina mama wa Umoja na vijana. Kikundi kikutane, kama yawezekana, penye shimo lenyewe.)

1. Katika mtaa wetu kuna mashimo mangapi yaliyoachwa? Nani alichimba, mwaka gani, na ardhi ni ya nani?

2. Fukueni kidogo katika shimo, kisha fukueni katika shamba la jirani. Mmeona viumbe gani upande mmoja ambavyo havipo upande wa pili?

3. Udongo wa juu ulipelekwa wapi? Je, bado uko kwenye kingo?

4. Someni Walawi 25:1-7. Kuna tofauti gani kati ya ardhi iliyopumzishwa na ardhi iliyotelekezwa?

5. Ni nani katika mtaa wetu anayelitegemea shimo hili kwa malisho, mawe au maji? Atapoteza nini tukianza kazi, na tutampa nini badala yake?

6. Kutoka sasa hadi mvua zijazo kuna majuma mangapi? Pangeni: nani ataleta masururu, nani samadi, nani mbegu za mbaazi, na nani atazunguka kila Jumamosi kuangalia makinga maji. Andikeni majina, nakala moja apewe katibu wa mtaa.